UZI: Boti ya kasi iliyotumika na mashine yake ya nje. Anza na ubao wa tezi, propela baadaye

Tezi na Omo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali kuhusu boti za kasi zilizotumika ni mengi, na karibu yote yanaanzia mwishoni: nifunge propela gani, niinue mashine kiasi gani, inatembea ngapi. Boti hizi nazifanyia kazi na nazipenda, na kwenye uzi huu nina jambo moja la kusema. Boti ya kasi iliyotumika usiinunue kwa kasi yake. Inunue kwa ubao wa tezi (ubao wa nyuma unaobeba mashine), kwa usukani, na kwa mashine inayopata maji na mafuta bila kukatika. Hivyo vikiwa sawa, kasi utaitafuta kwa raha zako. Vikiwa vibovu, kila kilomita unayoongeza unaipandisha juu ya ufa.

Nazungumzia boti nyepesi za faiba, futi 16 hadi 22 hivi, zenye V6 nyuma, yaani mashine ya silinda sita, hp (nguvu za farasi) 150 hadi 300. Ni boti zinazokimbia zikiwa zimegusa maji kwa sehemu ndogo tu ya tumbo.

Tuanze na tezi. V6 ina kilo 200 hivi au zaidi, na imeshikwa na ubao wa nyuma kwa boliti chache tu. Kila wimbi linaitikisa, na ukikanyaga mafuta inausukuma ubao huohuo mbele kwa nguvu zake zote. Boti nyingi za zamani ubao huo ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba. Maji yakipata tundu moja la skrubu ambalo halikuzibwa vizuri, plaiwudi inaoza ndani kwa miaka huku nje rangi inang'aa.

Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi. Gonga kuanzia pembeni ukielekea katikati, kisha shuka hadi kwenye tundu la kutolea maji, maana chini ndiko kunakoanza kuoza. Ubao mzima unajibu kwa mlio mkavu na mkali. Ulipooza sauti inadumaa, inakuwa nzito, haina mwangwi. Pale mlio unapobadilika weka alama ya chaki, endelea kugonga, mwisho simama nyuma utazame chaki imechora eneo kubwa kiasi gani. Halafu inua mashine nusu, ishike chini kwenye gia boksi, isukume juu na kuivuta chini kwa uzito wako, mwenzako akiwa ameweka jicho pale ubao unapokutana na mbavu za boti. Ubao ukicheza hata kwa unene wa ukucha, hiyo ni kazi ya kujenga tezi upya, na bei ijadiliwe kwa hesabu hiyo. Tazama na washa za boliti za mashine kwa ndani: zikiwa zimezama kwenye faiba, mbao iliyo nyuma yake imeshalainika. Mwenye boti akikubali, toa skrubu moja ya chini, ile inayoshika sensa ya kupima kina inatosha. Ikitoka na unga mkavu wa rangi ya mbao, vizuri. Ikitoka na uji mweusi, au tundu likaanza kuchuruzika maji, umeshajua.

Ukimaliza tezi, lala chali chini ya boti na rula ndefu iliyonyooka. Iweke kwenye mita moja na nusu ya mwisho ya tumbo, kuelekea tezi. Sehemu hiyo ndiyo boti inayoikalia ikiwa mbioni, na inatakiwa inyooke. Tumbo likiwa limejikunja kushuka chini karibu na tezi, boti itabonyeza omo, yaani pua yake, majini na haitakimbia hata uifungie nini. Mara nyingi kasoro hii inaletwa na trela: mbao za kulalia boti zikiwa fupi, tezi yote na mashine yake inaning'inia hewani mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo boti ikiwa kwenye trela, tazama mbao hizo zinafika wapi. Zinatakiwa zifike hadi mwisho wa tezi.

Trela yenyewe ni beringi, matairi na breki. Zungusha magurudumu kwa mkono, usikilize, uendelee na mengine.

Sasa mashine. Fika kabla haijawashwa. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuisikia ikiwaka baridi, na ukifika weka kiganja kwenye kichwa cha silinda. Mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Kibandiko cha kava kisikudanganye kuhusu hp, kava linabadilishwa kwa dakika mbili. Soma namba ya mashine kwenye bamba la braketi na uilinganishe na karatasi. Kama ni mashine yenye kompyuta, omba isomwe: inatunza saa ilizofanya kazi, na saa hizo imezigawa kwa rpm, yaani mizunguko ya mashine kwa dakika. Mashine ya saa 400 iliyoishi kwenye rpm 3,500 si sawa na ya saa 400 iliyoishi imekanyagwa hadi mwisho.

Pima shafti pia. Mashine hizi huja za inchi 20 au 25, na lazima urefu uendane na kimo cha ubao wa tezi. Kuna watu wamenunua mashine nzuri na boti nzuri ambazo hazioani.

Halafu fungua boliti ya chini ya gia boksi, utazame tone la kwanza. Oili ni nyepesi kuliko maji, maji yanakaa chini, kwa hiyo kama yamo yanatoka ya kwanza. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa maana yake sili imepasuka mahali. Sumaku ya boliti ikiwa na ujiujiu wa kijivu laini, hiyo ni kawaida ya gia kusagana. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, gia zimeanza kumeguka.

Nitaendelea na usukani na kuitafutia boti mwendo. Ulizeni.

Maji Mafupi

Mkuu nimeweka kambi hapa. Kuna boti ya futi 18 naitolea macho, ina V6 ya tu-stroki (mipigo miwili), kabureta, hp 200. Nilimwomba fundi apime kompresheni, ile presha ya kila silinda kwa psi. Alipata 118, 115, 120, 117, 92, 116. Muuzaji anasema kwa mashine ya umri ule hizo ni namba za kawaida. Ni kweli?

Fundi Pistoni

Siyo kweli, kaka. Namba zikiwa ndogo zote kwa pamoja ningekuuliza geji ni ya nani na betri ilikuwa na nguvu gani. Lakini silinda tano zinakubaliana na moja imeanguka kutoka 120 hadi 92. Hiyo ni karibu robo. Tunachovumilia ni asilimia 10 kati ya ya juu na ya chini.

Kabla hujakata tamaa, hakikisha kipimo kilifanywa inavyopaswa: mashine imepata moto, plagi zote sita zimetolewa, kabureta zimefunguliwa hadi mwisho, moto wa plagi umekatwa. Rudia. Ikibaki 92, ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi utazame ukuta wa silinda. Ukiona michirizi ya wima, pistoni imekwaruza, na mashine hiyo inahitaji kufunguliwa. Ukuta ukiwa safi, huenda ringi zimeganda kwa kaboni, na dawa ya kuondoa kaboni imewahi kuziokoa nyingi.

Kikubwa zaidi, uliza kwa nini silinda hiyo moja. Tu-stroki inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli. Silinda inayokosa petroli inakosa na oili, tena kwenye rpm za juu ambako inaihitaji kuliko wakati wowote. Jeti ya kabureta iliyoziba, mpira wa mafuta uliobanduka ngozi ya ndani, pampu iliyochoka: chochote kati ya hivyo kinaweza kuyeyusha pistoni ya silinda moja huku nyingine hazina habari. Ukibadilisha pistoni na chanzo ukakiacha, utarudi palepale.

Tezi na Omo

Fundi amemaliza. Naongezea la mafuta kwa sababu watu wanalipita. Boti yoyote ya zamani unayoinunua, toa mipira yote ya mafuta uweke mipya inayohimili petroli yenye ethanoli, ya kipenyo cha ndani cha inchi 3/8 kwa V6. Weka chujio jipya linalotenganisha maji, la maikroni 10. Ni kazi ya asubuhi moja. Impela ya pampu ya maji nayo usiulize ilibadilishwa lini, badilisha, ndipo uanze kuhesabu wewe.

Upepo wa Kusi

Mimi naona tumekwama kwenye tu-stroki za kizamani. Kwa nini mtu asitafute fo-stroki (mipigo minne) iliyotumika, akapumzika na moshi na oili?

Nahodha Dada

Ni wazo zuri, ila kwenye boti nyepesi uamuzi unaanzia kwenye uzito. Mercury walipotoa Verado ya silinda sita yenye supachaja mwaka 2004 ilikuwa mashine ya ajabu, tulivu na yenye nguvu, lakini ilikuwa na kilo karibu 290. Ukiitundika kwenye boti ya futi 18 iliyochorwa kwa tu-stroki ya kilo 200, boti inakaa matako, omo inaelekea mawinguni wakati wa kuondoka, na maji ya nyuma yanaingia ukisimama ghafla. V6 ya lita 3.4 waliyoileta 2018 ilishuka hadi kilo 216 hivi, na hapo mjadala ukabadilika kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza fo-stroki, nitakuuliza ipi, na boti ilichorwa kubeba nini.

Kuna bamba ndani ya boti nyingi linalotaja hp za juu na uzito wa juu. Liheshimu. Na kwa wanaotamani Evinrude za bei rahisi: kampuni ya BRP ilisimamisha utengenezaji wake 2020. Mashine nyingi bado zinakimbia vizuri, lakini ulizia vipuri vya modeli yako kabla hujalipa.

Tezi na Omo

Ahsante dada, hilo la uzito lilihitaji kusemwa.

Sasa usukani, na hapa siongei kwa upole. Boti ikivuka kilomita 90 kwa saa, usukani wa kebo moja wenye mchezo hauna nafasi kwenye V6. Boti ikiwa imesimama, mtu azuie mashine isigeuke, wewe zungusha usukani taratibu. Gurudumu likizunguka kwa upana wa vidole viwili kabla mashine haijajibu, hicho ndicho kiasi ambacho huendeshi boti, boti inajiendesha. Weka haidroliki iliyopimwa kwa hp za mashine yako, toa hewa yote kwenye mipira yake, kisha rudia kipimo. Mchezo unaotakiwa ni sifuri, kadiri mkono unavyoweza kuhisi. Bushi za braketi ya mashine nazo zinachangia, zitazame palepale.

Ukifika hapo ndipo tunazungumza mwendo.

Kwanza uwe na vipimo vya kweli. Spidi ichukue kwenye GPS, ile geji ya spidi inayosoma kwa msukumo wa maji inaongopa. Geji ya rpm ina kiswichi kidogo mgongoni kinachochagua aina ya alteneta; kikikaa pabaya inasoma uongo siku zote. Weka geji ya presha ya maji, kwa sababu bila hiyo huna ruhusa ya kuinua mashine. Halafu daftari. Andika mafuta yaliyomo, watu waliomo, upepo, kimo cha mashine, propela, rpm, spidi, presha. Badilisha kitu kimoja, nenda, rudi kwa njia ileile upande wa pili, andika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kimekusaidia.

Kimo cha mashine. Gia boksi ikiwa ndani sana ya maji inaburuta. Ukiiinua, mkokoto unapungua, rpm zinapanda, spidi inapanda. Ukiiinua kupita kiasi, propela inaanza kunyonya hewa kwenye kona na matundu ya kuingizia maji yanabaki juu, mashine inakosa cha kupoza. Ndiyo maana watu hufunga jeki kati ya tezi na mashine: inaiinua, na pia inairudisha nyuma. Ikirudi nyuma, maji yanayotoka chini ya boti yanakuwa yamepanda kidogo, kwa hiyo mashine inaweza kukaa juu zaidi bila kukosa maji. Pa kuanzia ni lile bati lililo juu ya propela liwe usawa wa tumbo la boti. Kutoka hapo panda robo inchi, robo inchi. Boti nyingi za V zenye pedi bapa chini ya mkuku hutulia pale katikati ya shafti ya propela ipo inchi 3 hadi 4 chini ya pedi. Mimi V6 ya kawaida siiruhusu kushuka chini ya psi 15 nikiwa nimekanyaga hadi mwisho, na kitabu cha mashine yako kikitaja namba ya juu zaidi, fuata kitabu.

Kuanzia kilomita 120 hadi 130 kwa saa kuna adui mwingine. Gia boksi ya kawaida pua yake ni butu. Kwa mwendo huo mapovu yanazaliwa ubavuni mwake na kuingia kwenye propela, propela inaachia maji ghafla, usukani unakurupuka. Kama boti yako inakaribia huko, tafuta gia boksi yenye pua iliyochongoka inayonyonya maji kwa chini. Kuchonga pua peke yake bila kushusha matundu ya maji ni kuiua mashine.

Propela nayo ina hesabu yake, na kila mtu anaweza kuifanya. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Chukua rpm, gawanya kwa uwiano wa gia (mizunguko ya mashine kwa mzunguko mmoja wa propela), zidisha kwa pichi ya inchi, zidisha kwa 0.001524. Unapata kilomita kwa saa za nadharia. Mfano: rpm 5,800, uwiano 1.75, pichi 24. Jibu ni kilomita 121. GPS ikikuonyesha 109, mtelezo, yaani pengo kati ya nadharia na GPS, ni asilimia 10. Kwa boti nyepesi ya V, asilimia 8 hadi 12 ni afya. Ukiona 20 na zaidi, ama mashine iko juu mno, ama propela imechoka, ama boti imebeba mzigo pabaya. Ukiona mtelezo karibu na sifuri usishangilie, kuna namba mojawapo si ya kweli.

Inchi moja ya pichi inabadilisha rpm 150 hadi 200 hivi. Chagua pichi inayoiruhusu mashine ifike kwenye nusu ya juu ya rpm zilizotajwa na mtengenezaji, ukiwa na mzigo wa kawaida. Pichi kubwa inayoifanya mashine isifike huko haikupi spidi. Inaipa mashine mzigo na joto. Propela ya chuma kisichoshika kutu haipindi kwa mwendo mkubwa kama ya alumini, kwa hiyo kwa boti hizi ndiyo ya kuanzia. Mabawa matatu kwa kawaida yanatoa spidi ya mwisho, manne yanashika maji vizuri wakati wa kuondoka na kwenye kona.

Upepo wa Kusi

Swali. Boti yangu ikifika kilomita 95 hivi inaanza kulala ubavu huu, ubavu ule, inazidi kila sekunde. Nikiachia mafuta inatulia. Nimeambiwa tumbo lina kasoro.

Nahodha Dada

Inawezekana, lakini mara nyingi tumbo halina kosa. Ikienda kasi boti inanyanyuka mpaka inabaki kwenye kipande kidogo cha mkuku au pedi. Hapo haina tena mbavu za kuegemea. Propela inayozunguka kulia inaisukuma boti ilale kushoto, ndiyo sababu mojawapo usukani umewekwa kulia, uzito wa nahodha uipinge. Boti inapoanza kulala, wewe unarudisha usukani, lakini umechelewa kidogo, na mchezo wa kebo unakuchelewesha zaidi. Kwa hiyo unarudisha wakati yenyewe ilishaanza kurudi. Unaisukuma badala ya kuizuia.

Anza na usukani, kama mleta uzi alivyosema. Kisha hamisha betri iende upande unaoinuka, ujaribu. Mengine yote ni mikono. Kaa kwenye spidi ile inapoanza tu, siku ya maji tulivu, eneo wazi, bila abiria. Shika usukani kwa mkono mmoja uliotulia na uusikilize. Kabla boti haijalala utahisi uzito mdogo kwenye gurudumu, kama linataka kukutoka upande mmoja. Hapo hapo mpe mguso mdogo, kabla macho hayajaona kitu. Ukingoja kuona, umeshapitwa. Ikikuzidi, ingiza trimu (mwinamo wa mashine) ndani kidogo na punguza mafuta taratibu. Usiachie ghafla, omo itaanguka na boti inaweza kukugeuka.

Na kanyagio la mafuta la mguuni, lenye trimu kwenye usukani, si mapambo. Linakuacha na mikono yote kwenye usukani.

Maji Mafupi

Dada, na ile kamba ya kuzimia mashine? Wengi naona wameifunga kwenye kiti.

Nahodha Dada

Kamba ile inafungwa mwilini mwako, paja au jaketi, kila safari. Nahodha akirushwa nje, mashine ya nje ikiachwa peke yake inageuka hadi mwisho na boti inazunguka kwenye duara, na duara hilo linarudi pale alipo mtu majini, propela ikiwa inazunguka. Hilo limeua watu wengi waliojua kuogelea. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria inamtaka nahodha wa boti ya burudani ya chini ya futi 26 yenye mtambo huo aitumie akiwa mbioni. Kwangu hata pasipo na sheria, boti haiondoki. Jaribu swichi yenyewe pia: mashine ikiwa inaunguruma, vuta kamba, izime. Swichi za zamani zinashikana kwa chumvi.

Jaketi la kujiokoa liwe la mikanda, lililotengenezwa kwa mwendo wa kasi. Yale ya kuvaliwa shingoni yanavuka kichwa ukigonga maji.

Fundi Pistoni

Niongeze la mafuta kwa wanaopanga safari. Mashine iliyokanyagwa hadi mwisho inakunywa galoni za Marekani kwa saa sawa na asilimia kumi ya hp zake. Hp 200 ni galoni 20, yaani lita 75 hivi kwa saa. Tangi la lita 100 halikufikishi mbali. Na ukitoka kwenye chumvi, iwashe ikipitisha maji baridi (yasiyo na chumvi) hadi ipate moto, thamostati zifunguke, vinginevyo unaosha mipira tu na chumvi inabaki kwenye kichwa. Anodi ziwe za zinki au alumini baharini, magnesiamu kwenye maji baridi pekee.

Maji Mafupi

Wakuu, narudi na matokeo. Ile ya silinda ya 92 niliiacha, kamera ilionyesha michirizi. Nimepata nyingine ya aina ileile, futi 18, silinda zote kati ya 112 na 119, tezi inalia kavu pande zote. Usukani nimeweka haidroliki. Nimeipima: rpm 5,400, propela pichi 23, uwiano wa gia kitabuni 1.87, GPS kilomita 98 kwenda na kurudi. Hesabu inanipa nadharia ya 101, mtelezo asilimia 3. Nifurahi?

Tezi na Omo

Hongera kwa boti, ila usifurahie hiyo asilimia 3. Boti ya V ya futi 18 yenye mashine ambayo bado hujaiinua haitelezi kwa asilimia 3. Kuna namba inadanganya. Geji ya rpm ilinganishe na ya fundi. Ikiwa sawa, mimi naitilia shaka gia boksi. Kwenye mashine zilizotumika gia boksi hubadilishwa sana, na iliyofungwa huenda haikutoka na mashine hiyo.

Kujua ni rahisi. Toa plagi zote, vuta kamba ya kuzimia, ingiza gia ya mbele. Weka alama kwenye gurudumu la juu la mashine na nyingine kwenye propela. Zungusha gurudumu kwa upande wa saa tu, maana kurudisha nyuma kunakunja mabawa ya impela. Zungusha mara 7 kamili, mwenzako ahesabu propela. Uwiano wa 1.87 utakupa mizunguko mitatu na robo tatu hivi. Wa 1.75 utakupa minne kamili.

Maji Mafupi

Minne kamili. Alama imerudi palepale.

Tezi na Omo

Basi una 1.75. Nadharia yako ni kilomita 108, mtelezo asilimia 9 na kidogo. Boti yako ina afya, na pichi 23 inaitosha kwa sasa, usinunue propela.

Kwa kuwa gia boksi si ya asili, fanya mawili kabla ya kuinua chochote. Ipime kwa presha ya hewa uone sili zinashika, umwage oili uweke mpya na utazame sumaku baada ya safari ya kwanza. Pili, fungua propela, tazama kama washa ya mbele ni ya kitovu hicho, paka grisi shafti, kaza nati kwa kiwango cha kitabu. Kwa Mercury ni Nm 75. Kisha panda robo inchi, uje na rpm, spidi na presha ya maji. Mafuta yawe kiasi kilekile ulichokuwa nacho safari hii.